Fritz Haber, Aliyetoa Chakula cha Mimea Katika Hewa

1. Ardhi iliyochoka

Kila mkulima ajua ya kuwa shamba likilimwa mwaka baada ya mwaka bila ya kurudishiwa kitu, huchoka. Mahindi ya mwaka wa kwanza huwa marefu na ya kijani kibichi. Ya mwaka wa tano huwa mafupi, na majani yake hugeuka rangi ya manjano. Wazee wa zamani walijua dawa yake. Walihama wakafyeka mahali papya, au walitia samadi, au walipanda kunde na maharagwe kwanza, ndipo wakarudia nafaka. Walikuwa wamepeleleza sana tabia ya ardhi, ijapokuwa hawakuwa na jina la kitu kilichopungua.

Kitu hicho, zaidi ya vingine vyote, ni naitrojeni. Hapana mmea, wala mnyama, wala mtu awezaye kujenga mwili wake bila ya hiyo. Na ajabu ni hii, ya kuwa naitrojeni ipo tele kila mahali. Hewa tuivutayo ukiigawa sehemu tano, karibu sehemu nne ni naitrojeni. Basi mmea wenye njaa ya naitrojeni ni kama baharia aliyeishiwa na maji katikati ya bahari: maji yamemzunguka pande zote, wala hayamfai. Sababu ni kwamba chembe za naitrojeni zilizomo hewani zimeshikana mbili mbili kwa nguvu nyingi mno, hata mmea hauwezi kuzitenganisha. Vijidudu vidogo sana vikaavyo katika vifundo vya mizizi ya kunde na maharagwe vyaweza kazi hiyo, na umeme wa radi nao huifanya kidogo. Lakini kwa karne nyingi mwanadamu hakuiweza.

Katika karne ya 19 watu wa Ulaya waliongezeka sana, na mashamba yao yakachoka. Wakaanza kununua chumvi ya mbolea iliyochimbwa katika jangwa la nchi ya Chile, ng'ambo ya bahari kuu, wakaileta kwa merikebu. Mwaka wa 1898 mtaalamu mmoja Mwingereza, William Crookes, alisimama mbele ya wenzake mjini Bristol akawaonya ya kuwa chumvi ile itakwisha siku moja, na ya kuwa walaji wa ngano watapatwa na njaa, wataalamu wa kemia wasipopata njia ya kuitumia naitrojeni ya hewani. Wengi walijaribu, wakashindwa. Aliyefaulu ni Fritz Haber. Habari za maisha yake ni habari za faida kubwa na za hasara kubwa, nazo zafaa kusomwa zote mbili pamoja.

2. Ujana wake

Fritz Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba, 1868, katika mji wa Breslau, ambao zamani zile ulikuwa mji wa Ujerumani, nao leo huitwa Wrocław, katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mama yake alifariki majuma machache baada ya kumzaa, na baba yake, mfanyi biashara wa rangi na dawa, alihuzunika sana. Baba na mwana hawakupatana vema siku zote. Baba alitaka mwanawe aishike biashara ya nyumbani. Mwana alitaka elimu.

Alisoma kemia katika vyuo vya Heidelberg na Berlin, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1891. Kisha akarudi kumsaidia baba yake dukani, lakini hakukaa sana. Mwaka wa 1892 kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg. Kijana Haber aliona ya kuwa tauni ile itaenea nchi nzima, akamshawishi baba yake anunue shehena kubwa ya dawa ya chokaa iliyotumiwa kuulia uchafu wa ugonjwa. Kumbe tauni ikazuiwa upesi, na mali ile ikabaki mikononi mwao. Baba akapata hasara, akaona ni afadhali mwana huyu arudi kwenye vitabu vyake.

Mwaka ule ule wa 1892 Haber alibatizwa. Katika Ujerumani ya siku zile Myahudi alizuiliwa katika vyeo vingi, na Haber alitamani sana kuhesabiwa kuwa Mjerumani kamili kama wengine. Tamaa hiyo haikumwacha muda wa maisha yake yote, nasi tutaona ilimfikisha wapi.

Mwaka wa 1894 alipata kazi ndogo katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Alifanya kazi usiku na mchana, akajifundisha mwenyewe mambo mengi ambayo hakufundishwa na mtu, hata mwaka wa 1906 akafanywa profesa. Mwaka wa 1901 alimwoa Clara Immerwahr, mwanamke mwenye akili nyingi, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amepata udaktari wa kemia katika chuo kikuu cha Breslau. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kuupata katika chuo kile. Mwaka wa 1902 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Hermann. Tangu hapo kazi ya mume ikazidi kukua, na kazi ya mke ikazidi kupungua, maana mambo ya nyumba yote yalimwangukia yeye.

3. Mwendo wa vitu vichanganywapo

Ili tuifahamu kazi ya Haber, yatupasa kwanza kujua mambo mawili juu ya vitu vichanganywapo vikageuka kuwa kitu kingine.

Jambo la kwanza ni upesi. Jembe lililoachwa mvuani hushika kutu, na karatasi iliyotiwa moto huungua. Yote mawili ni kuungana na oksijeni ya hewa. Lakini kutu huchukua majuma na miezi, na karatasi huisha kabla hujahesabu kumi. Basi vitu havibadiliki kwa mwendo mmoja. Joto huongeza mwendo karibu siku zote, kwa kuwa chembe zilizopashwa moto hukimbia na kugongana kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu nyama huiva juu ya moto, wala haiivi juani.

Jambo la pili ni gumu kidogo. Mabadiliko mengine hayaendi upande mmoja tu. Vitu viwili huungana vikawa cha tatu, na papo hapo kile cha tatu huvunjika kikawa viwili tena. Fikiri soko lenye mlango mmoja. Asubuhi watu wengi huingia, na watokao ni wachache. Basi soko hujaa. Baadaye huja saa ambapo kwa kila watu mia waingiao, watu mia hutoka. Mtu atazamaye kutoka kilimani ataona hesabu ya watu sokoni haizidi wala haipungui, naye huenda akadhani ya kuwa watu wote wametulia. Kumbe mlangoni hapapitiki kwa msongamano! Vivyo hivyo na vitu vichanganywavyo: hufika mahali ambapo kuungana na kuvunjika kumelingana. Mahali hapo wataalamu hupaita msawazo. Mtu anaweza kungoja mwaka mzima, wala hatapata zaidi ya hapo.

Je, msawazo huo hauwezi kusogezwa? Waweza. Mfaransa Henri Le Chatelier alieleza kanuni yake mwaka wa 1884. Mchanganyiko uliofika msawazo, ukiusumbua, husogea upande ule upunguzao usumbufu wako. Ukiutia joto, husogea upande unaomeza joto. Ukiushindilia, husogea upande uchukuao nafasi ndogo.

Sasa tutazame amonia, ambayo ni gesi yenye harufu kali, na ambayo twaweza kufanya mbolea kwayo. Kipimo kimoja cha naitrojeni na vipimo vitatu vya haidrojeni huungana vikawa vipimo viwili vya amonia. Kuungana huku hutoa joto. Basi msomaji mwenye akili ataona mara moja mtego uliokuwako. Bila moto mkali, chembe za naitrojeni hazitengani, na kazi haiendi kabisa. Lakini moto ukiwa mkali, msawazo hurudi nyuma, na amonia huvunjika karibu yote mara inapopatikana. Apashaye moto hupata upesi lakini hukosa mali. Apoozaye hupata ahadi ya mali, lakini hufa kabla haijafika.

4. Tone kwa tone

Mwaka wa 1904 wenye kiwanda wa mji wa Vienna walimwomba Haber aupime msawazo ule. Alipitisha gesi mbili juu ya chuma katika joto la digrii 1000, ambalo ni mara kumi ya joto la maji yachemkayo. Akapata amonia karibu sehemu moja tu katika sehemu elfu kumi. Akaona ya kuwa jambo hili halifai kwa biashara, akaliacha.

Huenda angaliliacha daima kama asingalitahayarishwa. Profesa Walther Nernst wa Berlin, mtu mashuhuri, alipiga hesabu zake akaona ya kuwa vipimo vya Haber vimezidi kiasi. Mwaka wa 1907, katika mkutano wa wataalamu, Nernst alisema hadharani ya kuwa Haber amekosea, na ya kuwa amonia ipatikanayo ni kidogo zaidi hata ya ile aliyoitaja. Haber aliona uchungu mwingi. Lakini hakuishia katika uchungu. Alirudi katika chumba chake cha majaribio akapima tena kwa uangalifu zaidi, akaona kweli vipimo vya kwanza vilizidi. Na katika kupima upya aliiona njia.

Njia yenyewe ilikuwa kushindilia. Vipimo vinne vya gesi huwa viwili tu vikiisha kuungana. Basi gesi zikishindiliwa kwa nguvu nyingi, msawazo utasogea upande wa amonia. Lakini ilihitajiwa nguvu ya ajabu, karibu mara 200 ya uzito wa hewa utukandamizao sote. Vyombo vya namna hiyo havikuwako. Aliyevitengeneza ni msaidizi wake, kijana Mwingereza mwenye mikono ya ustadi, jina lake Robert Le Rossignol, aliyezaliwa katika kisiwa cha Jersey. Yeye ndiye aliyebuni vifuniko na vali zisizovuja hata kwa nguvu ile.

Ilibaki shida ya mwendo. Haber hakutaka kutumia moto wa digrii 1000, bali alitaka kushuka hata digrii 500 au 600. Kwa hiyo alihitaji kichocheo. Kichocheo ni kitu kinachohimiza vitu vingine viungane, na chenyewe hakiliwi katika kazi hiyo. Ni kama mshenga: huzikutanisha nyumba mbili, arusi ikafanyika upesi, naye mwenyewe akabaki vile alivyokuwa, tayari kwa kazi nyingine. Lakini yafaa kukumbuka ya kuwa kichocheo hakisogezi msawazo. Huhimiza kwenda na kurudi sawasawa. Hukufikisha upesi mahali ulipokuwa ukienda, basi. Haber alijaribu madini mengi, akapata ya kuwa osmiumu, madini adimu sana, yafaa kuliko yote.

Mwisho alifanya jambo moja la busara. Hakungoja gesi zote ziungane mara moja, maana alijua hilo haliwezekani. Alizipitisha gesi juu ya kichocheo, akaipooza ile amonia iliyopatikana hata ikawa maji, akaitoa, na gesi zilizobaki akazirudisha tena chomboni. Zikazunguka hivyo bila kukoma. Kila mara amonia ilipotolewa, msawazo ulikuwa haujatimia, na kazi ikaendelea. Ni kama kumfungulia mtu mlango wa pili wa soko: sokoni hapajai kamwe.

Tarehe 2 Julai, 1909, wakubwa wa kampuni ya BASF, kampuni kubwa ya rangi, walikuja Karlsruhe kutazama. Miongoni mwao walikuwamo Carl Bosch, mhandisi, na Alwin Mittasch, mtaalamu wa vichocheo. Kazi ilipoanza tu, parafujo moja ilikatika, ikawabidi kungoja saa kadha wa kadha wakati chombo kikitengenezwa. Bosch hakuweza kungoja, akaenda zake. Mittasch alibaki. Alasiri chombo kikatengenea, gesi zikazunguka, na mbele ya macho yake amonia ikaanza kudondoka, tone kwa tone. Katika gesi zilizotoka chomboni, sehemu zaidi ya tano katika mia zilikuwa amonia. Lililokuwa haliwezekani limewezekana.

5. Kutoka meza hata kiwanda

Chombo cha Haber kilikaa juu ya meza. Kulisha mashamba ya nchi kwahitaji kitu kikubwa zaidi. Kazi hiyo ilimwangukia Carl Bosch.

Osmiumu yote ya duniani isingalitosha, basi Mittasch na watu wake walijaribu maelfu ya michanganyiko mingine, siku baada ya siku, wakaiandika yote. Mwisho wakaona ya kuwa chuma, kitu rahisi kabisa, kikichanganywa na vitu vingine kidogo, chafanya kazi karibu sawa na osmiumu. Vichocheo vya amonia vilivyotumiwa baadaye kwa muda wa zaidi ya miaka mia vilitokana na kazi yao.

Kisha vyombo vikubwa vya kwanza vikapasuka baada ya siku chache za kazi. Bosch alikata vipande vyake akavipeleleza, akagundua ya kuwa haidrojeni, katika joto lile na nguvu ile, huingia ndani ya feleji ikaondoa kaboni iliyomo, hata feleji ikawa dhaifu ikavunjika. Dawa yake ilikuwa kutia ndani ya chombo bitana ya chuma laini kisichokuwa na kaboni, na kutoboa matundu madogo katika feleji ya nje ili haidrojeni ipenyayo ipate pa kutokea. Mwezi wa Septemba, 1913, kiwanda kikaanza kazi huko Oppau, karibu na mto Rhine. Amonia ilifanywa mbolea, na mbolea ikaenda mashambani.

Watu wengi wakapata faida kwa kazi ile, nao wangalipo. Wataalamu wa leo hukadiria ya kuwa karibu nusu ya watu wote duniani hula chakula kilichostawishwa na naitrojeni iliyopatikana kwa njia ya Haber na Bosch. Mfuko wa mbolea nyeupe unaofunguliwa shambani, pengine na baba yako msomaji, asili yake ni yale matone ya Karlsruhe.

6. Vita

Mwaka wa 1911 Haber aliitwa Berlin kuwa mkuu wa chuo kipya cha utafiti wa kemia, mtaani Dahlem. Mwaka wa 1914 vita vikuu vikaanza. Merikebu za Uingereza zikafunga njia za bahari, na chumvi ya Chile haikuweza kufika tena Ujerumani. Lakini baruti hufanywa kwa naitrojeni vile vile kama mbolea. Viwanda vilivyojengwa ili kulisha watu vikageuzwa kulisha mizinga. Kama si amonia ya Haber, Ujerumani ingaliishiwa na baruti mapema, na vita pengine vingalikwisha mapema.

Haber hakutosheka na hayo. Alitaka kuonyesha ya kuwa hapana aipendaye Ujerumani kuliko yeye. Alishauri gesi ya sumu itumiwe, naye mwenyewe akashika uongozi wa kazi hiyo, ijapokuwa mapatano ya mataifa yaliyofanywa katika mji wa The Hague yalikuwa yamekataza silaha za sumu. Tarehe 22 Aprili, 1915, jioni, karibu na mji wa Ypres katika nchi ya Ubelgiji, mitungi elfu kadha wa kadha ya klorini ilifunguliwa, na upepo ukaichukua gesi ile ya kijani na manjano mpaka katika mahandaki ya adui. Mahandaki yale yalikuwa na askari wa Ufaransa, na pamoja nao askari wa Kiafrika waliotoka Algeria. Hawakuwa na kitu cha kujikingia. Klorini huunguza mapafu, na mtu huzama kwa maji ya mwili wake mwenyewe. Wengi walikufa pale pale, na wengine waliishi na vifua vibovu mpaka mwisho wa maisha yao.

Haber alipewa cheo cha kapteni, akafurahi. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, 1915, mkewe Clara alijiua bustanini mwao kwa bastola ya mumewe. Mtoto wao Hermann alikuwa na umri wa miaka 12. Haber hakukaa matanga. Alikwenda upesi kwenye vita vya upande wa mashariki, kusimamia gesi itumiwe huko pia.

7. Mwisho wake

Ujerumani ilishindwa mwaka wa 1918. Mwaka uliofuata ilitangazwa ya kuwa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1918 atapewa Haber, kwa ajili ya amonia. Wataalamu wengi wa nchi nyingine walikasirika, maana walioumizwa na gesi walikuwa wangali hospitalini. Wengine walisema ya kuwa kazi iliyotunzwa ni kazi ya mkate, si ya sumu. Neno hili watu hubishana juu yake hata leo.

Nchi ilipotozwa fidia kubwa ya vita, Haber alifikiri atailipa kwa dhahabu iliyomo katika maji ya bahari. Alisafiri na merikebu, akapima maji ya bahari nyingi kwa miaka kadha. Mwisho akaona ya kuwa dhahabu ni kidogo karibu mara elfu kuliko alivyotumaini, akaacha. Hapo alitenda kama mtaalamu wa kweli, maana vipimo vilimpinga, naye alivikubali.

Mwezi wa Januari, 1933, Hitler akashika serikali, na mwezi wa Aprili ikatoka sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali. Haber, kwa kuwa alitumika vitani, aliruhusiwa kubaki kwa muda, lakini aliamriwa kuwafukuza wasaidizi wake Wayahudi. Hakukubali kukaa katika kiti chake hali wenzake wanatolewa. Aliandika barua ya kujiuzulu tarehe 30 Aprili. Ubatizo wake, tuzo yake, baruti yake, gesi yake, vyote havikumsaidia kitu. Nchi aliyoitolea kila kitu, hata dhamiri yake, ilimhesabu kuwa mgeni.

Alihama Ujerumani mwaka ule ule, akiwa mgonjwa wa moyo. Waingereza, waliokuwa adui zake, walimpokea katika chuo kikuu cha Cambridge, lakini hakukaa huko sana. Alikufa katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi, tarehe 29 Januari, 1934, mwenye umri wa miaka 65. Alikuwa ameagiza azikwe pamoja na Clara, na mwanawe akaihamisha mabaki ya mama yake kutoka Berlin, akayaweka kando ya baba yake. Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mtaalamu Max Planck alifanya mkutano wa kumkumbuka Berlin, ijapokuwa serikali iliwakataza watu wa vyuo kuhudhuria.

Wanafunzi, elimu ni kama moto wa jikoni. Moto haujui kama utapika ugali au utateketeza nyumba. Ajuaye ni yule aliyeushika. Haber alijua kuliko watu wote wa zama zake jinsi ya kuhimiza kitu kiende mbele, na jinsi ya kusogeza msawazo kwa nguvu na kwa busara. Lakini vipo vitu ambavyo vikiisha kwenda mbele havirudi tena nyuma, na watu waliokufa Ypres ni miongoni mwake. Kila mwaka mamilioni ya watu hula kwa kazi yake bila ya kulijua jina lake. Ni haki tulijue, na ni haki tuzijue habari zake zote.